Taa Nyekundu Niliyoikana

Barani, Malindi
Alhamisi, alasiri

Sidi mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Adu kumuaga hawe wako, na mimi namjua mamangu: hatakuachilia mpaka umekula mara mbili na kufungiwa mfuko usiobebeka. Kwa hivyo nina alasiri nzima peke yangu. Kesho unapanda basi la Nairobi. Mambo ya nguo, ya chakula, ya watu wa kuepuka na watu wa kuamini, shangazi zako wamekwambia wiki nzima mpaka nimekuona ukipiga miayo. Mimi sitaongeza. Nina jambo moja tu la kukwambia, na ni jambo langu, si lako. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Mara tatu wiki hii nimeanza, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama umekunja nguo zako.

Unaikumbuka pikapu ya babako, ile ya buluu, ambayo mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Babako alipofariki ulikuwa na miaka minane. Matanga yalipokwisha, ndugu zake walikuja hapa wakaketi kwenye viti hivi hivi, wakasema kwa upole kwamba gari si kitu cha mwanamke, litanishinda, afadhali walichukue wao. Nikawaambia litabaki na mimi nitaliendesha. Nilijifunza kwenye uwanja wa mpira, nikapata leseni, nikaanza kubeba mihogo na tikiti kutoka Adu kuleta sokoni Malindi. Hivyo ndivyo ulivyosoma.

Mwaka mmoja baadaye pikapu ile ikafa, na wewe ulikua ukisikia kwamba Fundi Kombo ndiye aliyeiua. Kila mtu Barani alisikia hivyo. Walisikia kutoka kwangu.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki moja kabla, Fundi Kombo alikuwa amenibadilishia oili. Alipomaliza alinawa mikono, akaniambia: "Mama Sidi, pampu ya oili imechoka. Usiende mbali kabla hatujaibadilisha. Na ukiona ile taa nyekundu imewaka, zima gari papo hapo, hata kama uko katikati ya barabara." Nikasema nimesikia. Siku sita baadaye nilikuwa natoka Adu na mzigo wa tikiti. Nilipokaribia Gongoni taa ikawaka, ile yenye picha ya kibirika na tone moja. Nataka ulijue hili kabla ya yote, Sidi: niliiona. Nilisimama nikamuuliza mwanamume aliyekuwa akiuza petroli ya chupa kando ya barabara. Akacheka. "Mama, hiyo ni taa tu. Gari za zamani zina taa nyingi." Nilitaka kumwamini, basi nikamwamini, kwa sababu sokoni nilikuwa nangojwa. Nikapita Mambrui taa ikiwaka. Injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, nikaongeza sauti ya redio. Kabla sijafika daraja la Sabaki ikatoa mlio ambao hadi leo nikiusikia mahali popote nywele zinanisimama, ikazima, na haikuwaka tena.

Fundi Kombo aliifungua mbele yangu. Alichukua muda mrefu akiangalia vyuma vile, kisha akaniuliza, "Mama Sidi, taa iliwaka?"

Nikasema, "Haikuwaka."

"Haikuwaka kabisa?"

"Kabisa."

Alinitazama. Hakubisha. Nami, nilipoona habishi, nikapata ujasiri wa kuendelea, nikasema yeye ndiye aliyelishika gari mwisho, kama limekufa nimuulize nani?

Sikuwa na chuki naye. Ningekubali kwamba niliiona taa nikaendelea, ndugu za babako wangesema, "Si tulisema?" Wangesema hivyo mazishini, harusini, kila mahali, mpaka kufa kwangu. Nikaona heri lawama imwangukie mtu mwingine. Nilikwenda sokoni nikawaambia wenzangu kwamba Kombo ameniharibia gari la marehemu. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana waliniamini. Mwenye magari ya kubeba watoto wa shule akaacha kumpelekea kazi. Wengine wakafuata. Mwaka haukuisha, akahama pale penye barabara kuu akaenda kule nyuma, kwenye kibanda cha mabati ambako mtu hafiki ila awe ameelekezwa. Mkewe akikutana nami njiani alikuwa anavuka upande wa pili. Nami nilikuwa nafurahi akivuka.

Halafu wewe, katika mafundi wote wa Malindi, ukaenda kwake.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Nilikukataza. Nilisema gereji si mahali pa msichana. Leo nakwambia kwamba hiyo haikuwa sababu hata kidogo. Niliyatumia maneno yale yale ambayo ndugu za babako walinitumia mimi, na nilijisikia nikiyasema. Niliogopa atakwambia. Kila jioni uliporudi na oili kwenye kucha nilikutazama uso, nikingoja kuona kama umebadilika. Hukubadilika. Ulikuwa unanieleza habari za klachi na gaskiti huku unakula, mdomo umejaa, na mimi naitikia "ehe, ehe". Mwaka ukapita, wa pili ukapita, ukaenda chuo cha ufundi, na ukirudi likizo mguu wa kwanza ulikuwa kwa Kombo. Sikuelewa kwa nini mzee yule ananyamaza. Nilidhani anangoja siku yake.

Sasa tufike mwaka huu. Unajua mengi ya habari hii, lakini hujui nilivyoiona mimi.

Tulikuwa tunapeleka maembe Kilifi, kwa yule mteja wetu wa Kibarani, na pikapu hii mpya ilikuwa haijatimiza miaka miwili, dhamana bado iko hai. Tulipofika Matsangoni nikapunguza mwendo kwa ajili ya matuta, na taa ikawaka. Nyekundu ile ile. Miaka kumi na mitatu, Sidi, na mguu wangu ulifanya vile vile: ulitaka kukanyaga mafuta.

Ulisema, "Mama, zima."

Nikasema, "Tufike Tezo kwanza, pana kivuli."

"Zima sasa hivi, Mama."

Sikuwahi kukusikia ukitumia sauti ile kwangu. Nikazima. Ulishuka, ukafunua boneti, ukainama chini kutazama kama kuna oili inayodondoka. Hakuna. Ukangoja injini itulie, ukachomoa kile kijiti cha kupimia, ukakipangusa, ukakirudisha, ukakichomoa tena. Oili ilikuwa tele. Nikashusha pumzi, nikasema, "Basi ni taa tu." Ulitoa lile daftari lako dogo, ukaniuliza, "Imewahi kuwaka kabla ya leo?"

Nikakwambia ukweli, kwa kuwa tulikuwa wawili peke yetu: juzi, pale Barani, nikingoja nafasi ya kugeuka, iliwaka kidogo ikazima. Ukaandika. Kisha ukanieleza, si kama mwalimu, kama mtu anayefikiri kwa sauti, kwamba oili kuwa tele si hoja. Hoja ni kama inasukumwa ikafika juu. Huenda swichi inayowasha taa inadanganya, huenda pampu haisukumi, na hakuna atakayejua mpaka ipimwe kwa geji ya presha. Ukampigia simu Fundi Kombo.

Saa nzima ile nikimngoja niliizunguka pikapu mara ngapi sijui. Alifika nyuma ya pikipiki, amepakata sanduku la chuma kama mtoto mchanga. Mzee amezeeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitika, "Marahaba, mama Sidi, poleni na safari," kama kwamba hajawahi kusikia ubaya wowote kutoka kinywani mwangu. Kisha akakupa sanduku. Ulipomwomba afungue swichi yeye, akasema, "Fungua wewe. Mimi nimekuja kuleta, sikuja kufanya."

Nikakutazama. Ulifungua ile swichi, ukafunga geji mahali pake, ukaniambia niwashe kwa dakika moja tu, nikizima ukininyooshea mkono. Mshale ulipanda kidogo ukarudi chini. Ukanionyesha nikanyage mafuta polepole. Mshale ukatikisika, haukupanda inavyotakiwa. Ukanyoosha mkono. Ukapiga picha, ukaandika. Ukamtazama Kombo, naye akaitikia kwa kichwa mara moja. "Swichi haina kosa," ukasema. "Presha yenyewe haipo."

Nilikuwa tayari kumwambia aifungue hapo hapo. Yeye ndiye aliyekataa. "Msiguse kitu kingine. Mkifungua injini nyinyi, dhamana yenu imekufa. Rudisheni swichi, kodini gari la kuibeba, muipeleke Mombasa kwa wakala aliyewauzia." Mtu yule alikuwa na haja ya kazi, Sidi. Unakijua kibanda chake kuliko mimi.

Kesho yake, kule Mombasa, yule bwana wa mapokezi mwenye tai hata hakutazama daftari lako. Kwanza alisema ni swichi. Ulipomwonyesha picha za geji akasema basi ni oili mbovu. Ukatoa kitabu cha gari chenye mihuri ya sevisi zote, na risiti ya ile sevisi moja tuliyofanyia Malindi kwa oili ya aina iliyoandikwa kitabuni. Nilianza kutanua mabega. Ndipo akachukua kalamu, akanigeukia mimi, si wewe. "Mama, taa hii iliwaka mara ya kwanza lini?"

Nikasema, "Jana."

Lilinitoka kabla sijafikiri. Unaona jinsi uongo ulivyojua njia? Nilikuwa na umri wa kuitwa bibi na mdomo wangu ulikwenda pale pale ulipokwenda nikiwa kijana.

Ukasema, taratibu, bila kuniaibisha, "Mama, na ile ya kwanza, pale Barani." Nikakukanyaga mguu chini ya meza. Ukaendelea. "Iliwaka kidogo ikazima yenyewe. Jana ilipowaka tena tulizima. Nimeiandika hapa."

Yule bwana akatabasamu akaandika. Akasema kama tuliendesha gari siku mbili baada ya onyo, huo ni uzembe wa dereva, na dhamana haibebi uzembe. Nilikuvuta nje. Unakumbuka nilivyokusema pale kibarazani, watu wanapita? Nilikwambia umetumaliza. Nilikwambia chuo kimekufundisha kufungua vyuma lakini hakikukufundisha kufunga mdomo. Ulikuwa na machozi, lakini sauti haikutikisika. "Mama, nikifuta hili moja, yale mengine watayaamini vipi?"

Ukarudi ndani. Nilibaki mlangoni nikisikia. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Bwana, naomba uniandikie hivyo kwa barua: kwamba mnakataa, kwa sababu gani, na kifungu gani cha dhamana kinachosema hivyo. Na kabla hujaandika, naomba mfungue injini mbele yetu. Kama ni uzembe, beringi za injini zitakuwa zimelika kwa kukosa oili, na tutaziona sote." Akasema atamwita fundi mkuu.

Fundi mkuu, Bwana Hemed, alikuja na nguo za kazi na miwani kichwani, akasoma daftari lako ukurasa kwa ukurasa amesimama. Mahali alipokaa zaidi ni pale palipoandikwa habari ya Barani. Akasema, nami nilisikia kwa masikio yangu: "Ingekuwa imewaka mara moja ikabaki, ningeanza kutafuta penginepo. Lakini imewaka, ikazima, ikawaka. Hapa kuna kitu kinakwama na kukwamuka." Akaamuru waifungue. Beringi zilikuwa safi, zinang'aa. Ndani ya pampu, kwenye ile vali ndogo ya kudhibiti presha, palikuwa na kipande cha chuma chembamba kama ukucha wa mtoto, kilichobaki tangu pampu inatengenezwa kiwandani. Ile vali ilikuwa inashindwa kujifunga.

Ile siku iliyotaka kutumaliza, siku ya Barani, ndiyo iliyowaonyesha mahali pa kutazama. Na beringi zilipona kwa sababu ulisema "zima" na hukukubali kivuli cha Tezo. Pampu ikabadilishwa, oili na filta vikabadilishwa, sisi hatukutoa kitu, na uliwafanya waandike kwamba kosa ni la kiwanda.

Lakini si hapo nilipovunjika. Ni pale Bwana Hemed alipokurudishia daftari akakuuliza, "Binti, nani alikufundisha kazi?" Nawe ukasimama wima, ukasema, "Fundi Kombo wa Malindi. Chuo kilikuja baadaye." Ulilitaja jina lile kwa fahari, katika karakana kubwa ile, mbele ya watu. Nilikuwa kando yako, mtu niliyelichafua jina hilo hilo soko zima. Bwana Hemed alipokwambia kampuni yao inachukua wanagenzi wa miaka miwili kule Nairobi, na kwamba upeleke maombi, nilishangilia pamoja nawe, lakini nusu yangu haikuwa pale.

Nilikaa nalo siku nyingi. Ulipofanya mtihani ule wa vitendo, ukaleta barua ya kukubaliwa, mtu wa kwanza uliyemkimbilia ni mimi, wa pili ni yeye. Jumamosi iliyopita nilikwenda mwenyewe. Nilipotea mara mbili kabla ya kukiona kile kibanda, nikajua kwa miguu yangu nilikompeleka.

Alikuwa chini ya gari. Nikangoja mpaka akatoka. "Shikamoo, fundi." "Marahaba." Sikutaka kuketi, nilijua nikiketi nitaulizia hali ya watoto. Nikasema, "Ile taa iliwaka. Iliwaka tangu Gongoni. Niliiona, nikaja nayo mpaka Sabaki."

Akaokota tambara akafuta vidole, kimoja kimoja. "Najua," akasema. "Nilivyoviona vile vyuma vilikuwa vimeungua kwa muda mrefu."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisikia? Wewe ulikuwa mjane, unalia."

Nikamuuliza lile lililonitesa zaidi: kwa nini alimfundisha mtoto wangu? Akashangaa kweli kweli, Sidi, kama nimemuuliza kwa nini anakunywa maji. "Alikuja akaniuliza gari inawakaje. Mtoto akiuliza anajibiwa. Ningemdai yeye kosa lako?"

Nikalia, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunionea huruma. Nikamwomba msamaha. Hakusema ndiyo, hakusema la. Akaniambia, "Uliyasema sokoni. Mimi siko sokoni."

Jumanne nilikwenda sokoni mapema. Nilingoja mizigo ishushwe, wenzangu wote wawepo, nikapanda juu ya kreti. Wakadhani nataka kutangaza safari yako, wakaanza kupiga vigelegele. Nikawaambia wangoje. Niliwaeleza yote, tangu yule mtu wa petroli mpaka uongo nilioupeleka kwake na kwao. Nilitaja jina lake mara nyingi. Mama Kache, ambaye mumewe ana lori mbili na aliziondoa kwa Kombo kwa neno langu, alisema, "Dama, miaka yote hii?" Akanipa mgongo. Bado hajanisemesha, na ana haki. Wengine waliniambia si neno, ni zamani. Sikuwakubalia. Lakini jana lori moja ya Mama Kache ilionekana ikihangaika kuingia kwenye ile njia nyembamba ya kibandani.

Mimi, siku ile ya Jumanne niliposhuka kwenye kreti, nilirudi kwa Kombo moja kwa moja, nikamwambia nimesema. Akasema habari zimenitangulia. Sikuuliza tena kama amenisamehe. Nilipogeuka niondoke akaniita, "Mama Sidi, gari yako inakaribia sevisi. Ilete Jumatano ijayo, asubuhi, kabla ya jua."

Nitaipeleka. Wewe utakuwa Nairobi, umevaa nguo za kazi zenye jina lako kifuani.

Haya ndiyo niliyotaka uyajue kwangu, hata kama sokoni wamekwisha kukudokeza. Ukinikasirikia, nikasirikie, ukitaka kumuuliza fundi lolote, mpigie simu umuulize. Kwa fahari nimekusifu kwa watu wengi kwamba umefaulu mtihani. Hiyo si sababu yangu kubwa. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, mbele yako mtu mwenye tai, pembeni yako mama mzazi anakukanyaga mguu, na ukasema kweli kwa sauti ya kawaida. Mimi imenichukua miaka kumi na mitatu na kreti ya kusimamia. Nimejifunza kwako, mwanangu, na sioni haya kuliandika.

Nakusikia ukisalimiana na jirani hapo nje. Umerudi. Nakunja karatasi hii niitie mfukoni mwa koti lako, uisome basi likishatoka mjini, ili nisikuone ukisoma.

Nenda, Sidi. Mungu akutangulie.

Mamako,
Dama